Mita Sitini za Waya hadi Machochwe

Tangu nirudi Morogoro, kila ninayekutana naye ananiuliza: uliona simba? Sikuona simba. Nimekaa karibu wiki nzima katika wilaya za Tarime na Serengeti, siku za mwisho nikiwa ukingoni kabisa mwa hifadhi, na mnyama pekee aliyenisimamisha ni dume la ng'ombe lililolala katikati ya barabara pale Kenyamonta likakataa kuamka. Mimi sikwenda kutazama wanyama. Nilikwenda kusikiliza anga, na nilichokipata huko bado kinaniinua kwenye kiti kila nikikisimulia. Basi naandika mara moja kwa ajili yenu nyote, maana sauti imeanza kunikauka.

Kwa wale ambao hawajawahi kunivumilia nikieleza kazi yangu, ni hivi. Juu sana kupita mawingu, kilomita mia mbili, mia tatu hivi, kuna tabaka la hewa ambalo jua limelitia umeme. Linaitwa ionosfea. Ukirusha wimbi la redio kwenda huko, linagonga na kurudi chini, kama mpira unaorushwa darini. Ukipima muda wa safari yake, unajua dari iko juu kiasi gani. Mimi nina imani moja iliyonila miaka mitatu: kwamba zile radi kubwa za usiku juu ya Ziwa Victoria huitikisa dari hiyo, na asubuhi ukiipima utaiona ikipanda na kushuka. Mkuu wangu wa idara anasema ninachokiona ni uchafu wa mashine. Anasema kwa upole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ili kumaliza ubishi, rafiki yangu Koku, mwalimu mwenzangu wa fizikia, alikwenda Bukoba na mtambo wa kurushia mawimbi. Mimi nilitakiwa niwe upande wa pili wa ziwa na mtambo wa kupokea, ili wimbi lidunde juu ya maji, katikati yetu. Nilihitaji pia mahali pasipo mashine za kusaga wala za kuchomelea, kwa sababu umeme wa mjini kwa mtambo wangu ni kelele tupu. Ndiyo maana nilichagua Machochwe. Mtambo wa Koku ulikuwa wa kuazima na tulipewa asubuhi tatu tu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Tukizikosa, utafiti unafungwa.

Tarime: kwa fundi Rajabu

Nilifika Tarime Jumanne jioni, na Jumatano asubuhi nikawa wa kwanza mlangoni kwa fundi Rajabu, mchomeleaji niliyekuwa nimemtumia mchoro kwa simu. Ni mzee mwenye kofia safi ajabu kwa mtu anayefanya kazi katikati ya cheche. Babu yake alitoka Tanga akaja huku na biashara ya nguo, wakabaki. Nilitaka milingoti miwili ya bomba, mita sita kila mmoja, inayokatika vipande vitatu ili ipakike garini.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, binti. Kazi yako tayari, alhamdulillahi. Na wavu nimekuwekea kulabu zake."

Nikauliza wavu gani. Akanitazama kwa huruma. Alikuwa ameuona mchoro, nguzo mbili na mstari mmoja juu, akajua moja kwa moja kuwa ni goli la mpira. Kila mlingoti ulikuwa na kulabu tisa, zimepangwa vizuri kabisa, na kishikio kikubwa chini cha kuburuzia goli likihamishwa uwanjani.

"Sasa fundi, goli la mita sita kwenda juu?"

"Nilijua ni la shule ya wazungu. Wao wana mambo yao."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Akataka kuzikata kulabu, lakini umeme ukakatika, kisha ukafika wakati wa kwenda msikitini, kisha umeme ukarudi ukiwa dhaifu. Saa nane nikamwambia aziache. Nikaondoka na magoli yangu.

Sirari: kwenda na kurudi

Kilichobaki kilikuwa waya wa antena. Tarime nilikuta nyaya nene za kufungia nyumba umeme, ngumu kama fimbo. Nikapanda bodaboda hadi Sirari, mpakani, ambako kila kitu kinapatikana mradi useme taratibu.

"Madam, wataka waya ya nini? Ya fensi ama ya kuku?" aliniuliza mwenye duka, Mkenya mwenye haraka.

"Ya kusikilizia mawimbi kutoka angani."

"Sawa," akasema bila kushtuka. "Chukua hii. Nyembamba, nguvu iko, hata ng'ombe hakati."

Ulikuwa waya wa chuma uliopakwa bati, mwembamba, unajikunja vizuri mkononi. Kwa kupokea mawimbi ungefaa kabisa. Nikanunua mita sitini na kurudi Tarime nikiimba. Nilipita kwa fundi Rajabu kumwonyesha, na alipouona aliacha kutabasamu.

"Unakwenda nao Serengeti?"

"Ndiyo, Machochwe."

"Basi uweke wazi, binti. Usiufiche."

Nikadhani anaogopa usije ukapondeka kati ya mizigo. Nikamshukuru, nikaenda kuuviringisha vizuri ndani ya khanga na kuulaza chini kabisa ya begi, chini ya nguo zangu za ndani. Akili yangu siku hiyo ilikuwa juu, kilomita mia tatu.

Tarime hadi Nyansurura: pikapu ya Marwa

Alhamisi niliondoka na Marwa, mtu wa makamo anayepeleka ndizi Mugumu kwa pikapu. Alifunga milingoti yangu juu ya mikungu na kuwatangazia watu wote njiani kwamba amebeba magoli. Nilichoka kumsahihisha tulipovuka Mto Mara. Maji yalikuwa mekundu na mengi, na Marwa akapunguza mwendo ili nitazame, kisha akanikemea kwa kutazama sana wakati tuna safari.

Kenyamonta tukakutana na lile dume. Marwa alipiga honi. Dume likatafuna. Wakaja watu wanne, kila mmoja akiwa na ushauri wake na hakuna hata mmoja mwenye fimbo, mpaka mwenyewe alipotokea shambani akaliita kwa jina, likanyanyuka kwa madaha. Saa nzima ilikwenda hapo.

Nyansurura tulisimama kwa dada yake Marwa, aliyetuwekea ugali wa mtama na muhogo na maziwa mgando kwenye kibuyu. Sijui niseme nini kuhusu maziwa yale. Nilikunywa mara mbili, nikakaribishwa ya tatu, sikukataa. Nikamweleza mama huyo kazi yangu, dari na radi na ziwa. Alisikiliza kwa makini sana.

"Sasa mwalimu, hiyo dari ikitikisika, haitatuangukia?"

"Haianguki, mama. Ni hewa tu."

"Kama ni hewa tu, mpira unadundaje?"

Jamani, swali hilo ndilo wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza. Nilichora sakafuni kwa kidole, Marwa akipiga honi nje, na niliondoka pale nikiwa nimefurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

Mugumu hadi Machochwe: begi lafunguliwa

Mugumu Marwa alishusha ndizi, akakubali kunimalizia safari. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika kijiji nilichokuwa naenda, katika kata ya Machochwe, tukakuta kamba ya katani imevutwa barabarani. Walikuwa askari watatu wa kijiji wanaolinda wanyamapori. Aliyekuja kwangu aliitwa Chacha, mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, mpole wa sauti.

"Karibu mwalimu. Naomba kuangalia begi."

Alitoa nguo moja moja kwa adabu, akafungua khanga, na mkono wake ukasimama hewani. Hakuugusa waya. Alirudi hatua moja kama aliyeona nyoka.

"Toa mwenyewe," akasema. "Weka chini."

Nikautoa. Akautazama tu, bila kuunyanyua wala kuupima.

"Hii inatosha mitego thelathini."

"Madam!" Marwa akapiga kelele, tayari amesogea mbali nami. "Hukuniambia una waya, wewe! Na umeficha kwenye khanga!"

Hapo ndipo nilipomwelewa fundi Rajabu. Waya mwembamba wa chuma, ukingoni mwa hifadhi, ni tanzi la kunasia nyumbu na pundamilia. Hakuna anayeutumia kwa kazi nyingine. Na kijiji hiki kilikuwa na lake zaidi. Mama Bhoke, mwenyekiti wa kijiji, alinieleza ofisini huku waya wangu ukiwa sakafuni kati yetu. Miaka michache nyuma, waliokuwa wakitega waliitwa mbele ya mkutano wa ukoo. Walileta nyaya zao, zikafukiwa kwenye shimo, nao wakaapa mbele ya wazee na watoto wao kwamba mikono yao haitashika waya tena. Kijiji kizima kikaapa pamoja nao, ili wasiwe peke yao. Ndipo nikaelewa kwa nini nguo zote nilizoona zimeanikwa kwenye kamba za katani, na mabanda ya kuku yamefungwa kwa magome ya miti.

"Wa kwanza kuleta zake alikuwa huyu Chacha," Mama Bhoke akasema. "Alikuwa anatega kuliko wote. Sasa ndiye tunayempa ufunguo wa ghala la kijiji."

Chacha alikuwa amesimama mlangoni. Hakuinamisha kichwa wala hakujivuna.

Machochwe: Ijumaa ya benchi

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, waya umezuiwa hadi mkutano wa kijiji uamue. Simu ikalia. Ujumbe wa Koku: *Narusha. Unanipata?* Kisha: *Mbona kimya?* Kisha alama za kuuliza peke yake. Wimbi lilikuwa linapita juu ya kichwa changu na mimi sina cha kulikamatia. Nililia, nakiri, na sikulia kistaarabu.

Mkutano ulikaa saa nne asubuhi. Watu walijaa, na mimi nikasimama kueleza ionosfea kwa wakulima na wafugaji waliokuwa na haki zote za kunishuku. Nilianza vibaya, kwa maneno ya darasani, nikaona macho yanasinzia. Ndipo nikamwona mzee mmoja ana redio ndogo mfukoni.

"Baba, shikamoo. Stesheni ya mbali ukiishika alfajiri, jua likipanda inakuwaje?"

"Marahaba. Inafifia. Betri inachoka."

"Unafanyaje?"

"Naanika betri juani. Wote tunaanika."

"Na jioni inarudi?"

"Inarudi vizuri kabisa! Si betri imeota jua?"

"Hapana, baba. Jua likichomoza linatengeneza ukungu wa umeme chini ya ile dari, na ukungu huo unayameza mawimbi ya stesheni yako. Jioni unatoweka. Betri haina kosa."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema kwa nguvu, "Kumbe! Miaka yote tunaanika betri bure!" Mkutano ukalipuka kwa kicheko, mzee akacheka kuliko wote, na maswali yakaanza kumiminika. Mmoja akauliza kwa nini basi wimbi la Koku halimezwi. Nikataka kumkumbatia. Nikamwambia mapema asubuhi ukungu huo bado ni mwepesi, na kila dakika jua linapopanda unazidi kutula.

Mama Bhoke akatoa uamuzi: waya utashikwa na mimi peke yangu, mwanzo hadi mwisho, Chacha akisimamia. Jioni unarudi ofisini.

Machochwe: Jumamosi

Hamjawahi kuona kituko kama mimi nikifunga antena alasiri ile ya Ijumaa. Milingoti watu walinisaidia kusimamisha, pamoja na kulabu zake tisa tisa. Lakini kila palipofika waya, mikono yote ilirudi nyuma. Chacha alisimama hatua mbili kutoka kwangu, viganja vimefungwa mgongoni, akiteseka.

"Zungusha mara tatu, mwalimu. Siyo hivyo. Urudishe chini yake wenyewe."

"Hivi?"

"Hapana! Hiyo itaachia. Pinda kwanza, halafu vuta." Mabega yake yalikuwa yanafanya kazi yote ambayo mikono ilikatazwa. "Eeh. Hapo. Hiyo hata nyati haachii."

Akageukia mlingoti mwingine, na mimi nikajifanya sikusikia. Jioni nikaufungua, nikaupeleka ofisini, na kabla ya mapambazuko nikaufunga tena.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu wimbi la Koku likaingia. Nilipiga ukelele uliowatoa watu nyumbani. Kwenye skrini ulitokea mstari mmoja msafi: dari yetu, juu ya ziwa, ikipimwa kutoka Bukoba hadi kijijini kwa Mama Bhoke! Nilicheza, wakacheza nami. Ila mstari ulikuwa umenyooka kama uzi. Koku akaandika kwamba ziwa lilikuwa shwari usiku kucha. Ilikuwa sawa, nilihitaji asubuhi moja tulivu ya kulinganishia. Sasa nilihitaji ile nyingine, na ilibaki moja.

Machochwe: Jumapili

Usiku huo radi zilipiga ziwani mpaka sisi tukauona mmweko wake, na kwetu ikanyesha. Alfajiri Koku aliandika neno moja tu kwa herufi kubwa: *TAYARI*. Nikakimbia nje, nikakuta ardhi imekuwa uji. Vigingi vya milingoti vilichomoka kwa kidole.

Sikulazimika kuomba. Mama Bhoke alifika amevaa vitenge vya kanisani, nyuma yake watu kama kumi na wawili, wote wamevaa nguo za ibada. "Bomba si waya," akasema, "shikeni." Nikafunga waya, wakainua milingoti, watu sita kila upande, viatu vyao vyeupe vikizama matopeni. Chacha alikuwa mbele kwenye mlingoti wa mashariki, amekamata kile kishikio cha goli.

Saa kumi na mbili na nusu mstari ukatokea. Ukapanda. Ukafika kilele, ukainama, ukashuka taratibu, ukafika chini na kuanza kupanda tena. Nikapiga kelele, "Inapumua! Angalieni, inapumua!" Wakacheka kule kwenye mabomba bila kuona kitu. Lilikuwa ziwa, ndugu zangu. Zilikuwa radi za usiku, zimepanda kilomita mamia na kulitingisha anga, na mimi nilikuwa nazitazama. Miaka mitatu ya kuambiwa uchafu wa mashine ilikuwa inanitoka mwilini.

Halafu upepo ukavuma, mlingoti wa mashariki ukayumba, na fundo langu likaachia. Waya uliteleza bomba zima na kuning'inia mbele ya kifua cha Chacha. Skrini ikawa tupu.

"Shika!" nikapiga kelele. "Chacha, shika huo waya! Unyanyue tu juu!"

Angeweza. Ulikuwa mbele yake, na mkono wake ni mrefu. Watu wote waligeuka kumtazama, na miongoni mwao alikuwemo mkewe, na watoto wake wawili wenye nguo za Jumapili.

"Chacha, tafadhali! Dakika hizi hazirudi!"

"Siwezi, mwalimu," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole, lakini jasho lilimtoka. "Njoo mwenyewe. Nakushushia."

Wakaulaza mlingoti polepole, kwa uangalifu, wakati mimi nakimbia matopeni huku nikimchukia kwa moyo wote. Nikapiga magoti. Fundo lenyewe sikulikumbuka.

"Pinda kwanza," akasema sikioni kwangu. "Taratibu. Mara tatu. Urudishe chini yake. Vuta."

Nikavuta. Likakaza. Wakainua. Nikakimbia kurudi kwenye skrini, na mstari ulikuwepo, ukishuka. Ulishuka hadi chini, ukapanda tena, ukafika kilele cha tatu, na ukaendelea kupumua mpaka jua lilipokuwa kali na ukungu ukaanza kuumeza.

Kurudi

Walikwenda kanisani na matope yao. Nami nilifuata, nikakaa nyuma. Baada ya ibada nilimtafuta Chacha na kumwomba radhi kwa kumpigia kelele mbele ya watoto wake. Akasema hakukasirika. "Ulikuwa unataka kitu chako," akasema, "mimi nilikuwa na changu." Waya niliuacha kwa Mama Bhoke aufukie na zile nyingine. Magoli yamebaki shule ya kijiji, na nasikia yamekatwa kimo, yamefungwa wavu.

Marwa alinirudisha hadi Mugumu, akiwa amenisamehe, na siku mbili baadaye nikaweka mchoro mezani kwa mkuu wangu wa idara. Aliutazama kwa muda mrefu. Alipotoa miwani nilijua nimeshinda. Akasema hakuna mashine inayochafuka kwa mpangilio mzuri namna ile, na akanipa mkono. Kisha akaweka kidole kati ya kilele cha kwanza na cha tatu.

"Hapa kuna pengo la dakika nne. Liunganishe tu kwa hesabu, umbo linajulikana. Mchoro utapendeza zaidi."

Ni kweli, kompyuta ingelijaza kwa sekunde moja, na hakuna mtu ambaye angeniuliza. Nikamwambia hapana. Mchoro umekwenda kuchapishwa ukiwa na pengo lake, na chini yake nimeandika kwamba kwa dakika hizo nne antena ilishushwa. Sababu sikuiandika, ninyi sasa mnaijua.